Vile tulipandisha damu ya bibi yangu kwa sufuria, mama mkwe akiwa ameshakuja na begi ya kumrudisha Ainabkoi

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, watoto wamelala, na mimi nimepata nafasi ya kuandika.

Mimi hapa ni mtu wa kusoma na kupita. Nacheka na comments, nafunga simu, naenda job. Lakini juzi kuna mtu aliuliza vile familia inaweza kula vizuri wakati mfuko umekauka, na wengi wakamjibu na utani tu. Nikasema hapana, hii mimi niko na story yake.

Ni ukweli mtupu. Chumvi niliweka kwa chakula, hapa sijaongeza hata chembe.

Ni ndefu kidogo, kwa hivyo soma pole pole.

Sisi tunaishi mtaa wa Pioneer, hapa Eldoret. Mimi kwetu ni Vihiga. Nilikuja Eldoret kutafuta kazi nikiwa kijana na mji ukanishika. Ni karani kwa store ya nafaka, kazi yangu ni kupima mahindi ikiingia na kuandika ikitoka.

Bibi yangu anaitwa Njeri. Yeye ni wa Ainabkoi. Familia yao ilitoka Central zamani, na mama yake ako na shamba ya viazi na duka kando ya barabara. Njeri anashona uniform za shule hapa hapa kwa nyumba, mashine yake iko karibu na dirisha.

Watoto ni Imani, msichana wetu mkubwa, ako darasa la tano. Halafu kuna Lukas, ambaye wakati huo ndio alikuwa ameanza shule.

Sasa Njeri alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu.

Na kama kawaida ya dunia, mambo mazuri hayaji peke yao. Mahindi ya mwaka uliopita ilikuwa imeisha kwa store, mpya bado iko shambani. Boss akatuita, akasema tutakuwa tunafanya kazi nusu wiki mpaka mavuno. Nusu wiki, nusu mshahara. Hakuna mtu alifutwa, kwa hivyo nilishukuru Mungu, lakini kwa nyumba tulianza kuhisi.

Hapo ndipo tukaenda kliniki.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole lakini hana mchezo. Akamvuta Njeri kope ya chini, akaangalia. Akaangalia viganja. Akamtuma kwa maabara, majibu ikaja, akaisoma mara mbili.

"Mama, damu yako iko chini. Chini sana kwa mtu ako na mimba hii."

Kisha akauliza, "Mtoto wa mwisho ulimzaa vizuri?"

Njeri akaniangalia. Nikajibu mimi.

Wakuu, wacha niwaeleze hapa kidogo. Lukas alipozaliwa, Njeri alipoteza damu nyingi. Alienda ndani akitembea, na mara iliyofuata nilipomwona alikuwa mweupe kama karatasi, hawezi hata kushika mtoto. Aliongezwa damu. Mama yake alitoka Ainabkoi akalala kwa benchi ya corridor, hataki kuambiwa aende nyumbani. Tulitoka huko tukiwa wote wazima, lakini hiyo siku hatujawahi kuizungumzia kwa nyumba. Ilikuwa kama kitu tumeweka chini ya kitanda.

Nesi alisikiza yote. Akasema, "Sasa mnajua kwa nini sitaki mchezo. Tukifika mwisho na damu iko hivi, hautazalia hapa. Nitakutuma hospitali kubwa, na lazima kuwe na damu inangoja pale kando. Mimi sitaki tufike huko. Mnataka?"

Tukasema hapana, kama watoto wa shule.

Akaandika dawa za kuongeza damu. Halafu akaweka kalamu chini. "Nyinyi hukula nini?"

Mimi nikajibu na kifua mbele. "Tunakula vizuri, sister. Asubuhi chai na mkate. Mchana chochote na chai. Jioni ugali na sukuma, halafu chai."

"Na katikati?"

"Katikati ni chai."

Alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akarudi serious. Akatuambia chai ikikutana na chakula kwa tumbo, inazuia mwili kuchukua ile madini ya kutengeneza damu. Hata dawa ukimeza na chai, umemeza bure. Chai ikae mbali na chakula. Ndimu, nyanya, machungwa, hizo ndizo ziende pamoja na chakula kwa sababu zinasaidia.

Halafu akamwangalia Njeri kwa njia nyingine. "Na mawe?"

Mimi nikashangaa, mawe gani?

Njeri akaangalia sakafu. Akafungua handbag, akatoa kitu imefungwa kwa gazeti. Ndani kulikuwa na odowa, zile mawe laini za udongo ambazo wamama wajawazito hutafuna. Ilikuwa imejaa.

Wakuu, mimi nilidhani namjua bibi yangu. Sikujua natembea mjini na mwanamke amebeba quarry kwa handbag.

Nesi akamwambia pole pole kwamba hizo mawe zinamwibia ile damu kidogo ako nayo. Njeri akaziacha pale kwa meza. Tulipotoka nje akaniambia kitu kimoja tu.

"Tafadhali, usiambie mama."

Sikuambia mama. Lakini jioni mama mkwe alipiga simu kama kawaida, na Imani ndiye alichukua. Nikasikia kutoka jikoni akimwambia nyanya yake, "Cucu, hujambo? Mum hana damu."

Hivyo tu. Kama mtu anasema hatuna sukari.

Nikapewa simu. Nilijua naenda kuchomwa. Lakini mama mkwe hakupandisha sauti, na hiyo ndio iliniumiza zaidi.

"Baba Imani, mimi sikulaumu. Najua kazi imepungua. Lakini mimi nililala kwa ile benchi, na sitalala tena. Nakuja kumchukua. Huku kuna viazi, kuna maziwa, kuna mboga. Nitamlisha mtoto wangu mwenyewe."

Wanaume mtanielewa. Alikuwa anasema ukweli, na bado ilikuwa inaniambia siwezi kulisha nyumba yangu. Na Njeri alikuwa amesimama pale mlangoni akitingisha kichwa. Hakutaka kwenda. Alikuwa na watoto wake hapa, na wateja wake, na kliniki yake.

Nikasema, "Mama, nipe mpaka kliniki inayofuata. Kama damu haitapanda, mimi mwenyewe nitamleta."

Mama mkwe akajibu:

"Sawa. Lakini nitakuja kuona na macho yangu."

Sasa hapo mimi nikaingia vita bila ramani. Nilikuwa nimesikia maini inaongeza damu. Kesho yake nikaenda buchari nikabeba maini. Kesho kutwa, maini. Siku ya tatu mwenye buchari akaniuliza kama nimefungua hoteli.

Na sikujua kupika maini. Nilikuwa naiweka kwa moto mpaka niamini imekufa. Ilikuwa inatoka ngumu kama soli ya kiatu. Lukas alitafuna kipande kimoja kutoka mwanzo wa chakula mpaka wakati wa kulala.

Kabla wiki ifike katikati, pesa ya chakula ilikuwa imeisha. Tukamaliza hizo siku zingine na ugali na sukuma, kidogo kidogo. Yaani nilikuwa nimerudi pale pale nilianzia, tena nikiwa mbaya zaidi.

Njeri alisukuma sahani yake akaniangalia. "Baba Imani, unanilisha kama ng'ombe ya show. Keti chini tupange."

Halafu akasema kitu sijasahau. "Mteja akiniletea kitambaa kidogo, sikimbilii makasi. Kwanza napima. Kitambaa kidogo inaweza kutoa nguo mzuri, lakini ukikata kabla ya kupima umeharibu yote."

Jumapili, tulipotoka kanisa, tukakaa mezani sisi wote wanne. Njeri akasema hata watoto wakae, kwa sababu hakuna haja ya kupanga chakula na watu wengine wakuje kuikataa.

Tulianza na kile tuko nacho, sio kile tunatamani. Maharagwe tulikuwa nayo nusu gunia, zawadi ya kutoka kwetu Vihiga, na tulikuwa tunaila tu wakati hakuna kitu ingine. Sasa ikawa mfalme. Inalowekwa usiku, inachemshwa kwa jiko ya makaa mara moja, sufuria kubwa, halafu inagawanywa. Leo inakuwa stew, kesho inachanganywa na mahindi iwe githeri, siku ingine na mchele.

Mboga tulikuwa tunanunua sukuma tu kwa sababu ya mazoea. Njeri akasema tununue mboga za kienyeji, managu, kunde na terere, na tununue jioni wakati wamama wa soko wanataka kufunga waende nyumbani. Saa hiyo fungu moja inakuwa na rafiki yake.

Maini ikabaki mara moja kwa wiki, kipande kidogo. Tena nesi alikuja kutuambia baadaye kwamba mjamzito hapaswi kula maini kila siku, kidogo tu inatosha. Kumbe ule upumbavu wangu wa kwanza ungeweza kuleta shida ingine juu ya shida. Kwa hivyo wale mnasoma hapa na mko na mjamzito kwa nyumba, ulizeni kliniki. Mimi ni karani wa mahindi, sio daktari.

Chai ya asubuhi ikawa uji wa wimbi na ndimu. Chai yenyewe ikapewa saa yake, katikati ya asubuhi, mbali na chakula.

Wakuu, hiyo chai ilinitesa mimi kuliko mwenye mimba. Siku za kwanza kichwa kilikuwa kinagonga. Ugali ikishuka bila chai nyuma yake nilikuwa nahisi kama nimeacha mlango wazi. Lakini tulikuwa tumekubaliana hakuna mtu atakunywa mbele ya Njeri wakati wa chakula. Kwa hivyo nikavumilia.

Halafu kulikuwa na omena, wale dagaa wadogo wakavu wa ziwa.

Mimi mtu wa Western, omena ni chakula ya nyumbani. Lakini Njeri na ile mimba, harufu ilikuwa inamtoa mbio. Nikahamisha jiko nje kwa veranda. Nikaiosha na maji moto, nikaikaanga kavu, nikaweka ndimu na nyanya nyingi vile mama yangu hufanya. Njeri bado hakuiweza. Nikasema sawa, omena itakuwa yetu sisi watatu, na ile maini kidogo itakuwa yake peke yake. Hivyo kila mtu anapata, na bajeti haipasuki.

Lukas akakataa. Nikamuuliza kwa nini.

"Dad, inaniangalia."

Imani ndiye aliamua hiyo kesi. Alichukua sahani ya ndugu yake, akakaa akitoa vichwa moja moja, akamrudishia. "Sasa haioni."

Akakula yote.

Si kwamba kila kitu kilienda vizuri. Kuna jioni nilitoka soko nikapita karibu na kibanda cha mama anauza odowa. Nikamwona Njeri amesimama hapo. Hakuwa amenunua. Alikuwa amesimama tu, mkono kwa mfuko wa sweta.

Nilienda nikasimama kando yake. Nilikuwa na maneno mengi, na ninashukuru sikuyasema, kwa sababu alianza kulia.

"Hujui vile inaniita," akasema. "Mvua ikinyesha na udongo unukie, mate inajaa kwa mdomo. Najiambia ni ya mtoto, na bado miguu inanileta hapa."

Mimi sijawahi kubeba mimba. Sina la kumfundisha mtu kuhusu hiyo. Nikamwambia tu, "Twende nyumbani, tutafute kitu ingine ya kutafuna." Tukapita kwa mama wa njugu karanga, tukanunua. Kuanzia hapo njugu na karoti mbichi hazikukosa kando ya mashine yake ya kushona. Hakurudi kwa kile kibanda. Wakuu, watu husifu wanaoacha pombe. Mimi naona mwanamke akiacha odowa akiwa na mimba apewe medali.

Sasa sikizeni ile siku mama mkwe alikuja.

Hakupiga simu. Ilikuwa siku ya wiki, moja ya zile sina kazi. Njeri alikuwa ameenda kupelekea mteja uniform. Mimi nilikuwa kwa veranda, nimejifunga leso ya bibi yangu kiunoni, nachagua maharagwe kwa sinia, managu iko kwa moto.

Kuinua macho, mama mkwe huyo kwa gate. Mkono mmoja gunia ndogo ya viazi. Mkono wa pili begi ya nguo, na hiyo begi ilikuwa imelegea. Haikuwa na kitu ndani. Ilikuja kubeba nguo za Njeri.

Nilitaka kuvua ile leso lakini fundo lilikataa kufunguka.

"Shikamoo, Mama. Karibu."

"Marahaba." Akaangalia leso. Akaangalia sinia. "Njeri ako wapi?"

Nikamwambia. Akaingia, akakaa, begi kando ya mguu. Njeri akarudi, wakasalimiana, na mimi nikapakua chakula kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na sikujua nifanye nini kingine. Ugali, maharagwe, managu, kachumbari ya nyanya na ndimu. Hakuna chai.

Mama mkwe alinawa, akaanza kula. Sisi tukakula tukimwangalia. Alimaliza maharagwe. Akaonja managu, akaonja tena, akaweka kijiko chini.

"Baba Imani. Hii mboga ulimwaga maji yake?"

"Ndio, Mama. Ili uchungu utoke."

"Ulimwaga dawa," akasema, "ukatuletea majani."

Nikasema kwisha mimi. Nikaangalia ile begi.

Lakini akaendelea, "Maharagwe umepika vizuri. Hata mimi sipiki laini hivyo." Akageukia Njeri, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwa mwanga wa dirisha kama mtu anaangalia noti kama ni halali. Akamvuta kope vile nesi alifanya.

"Mum, naskia nguvu kidogo siku hizi," Njeri akasema. "Napanda ngazi ya kanisa bila kusimama."

Mama mkwe akamwachilia. Akaniambia, "Hiyo begi weka huko juu ya kabati. Nitakaa mimi. Yeye haendi."

Wakuu, niliinua hiyo begi kama kombe la ligi.

Kesho yake asubuhi nikatoka nje nikampata mama mkwe kwa fence ya nyuma ya ploti, mkono ameuvalisha karatasi ya nailoni, anavuna thabai. Kama huijui, ni ile majani inawasha, ukigusa unaruka. Inamea kwa fence bure, na sisi siku zote tulikuwa tunaifyeka na kuitupa.

"Mama, hiyo si ndio inawasha?"

"Inawasha mjinga. Ikiguswa na maji moto inakuwa kondoo."

Akaichemsha, akaiponda na viazi zake za Ainabkoi na mahindi na maharagwe yangu ya Vihiga. Mukimo ya kijani. Mimi nikaweka kipande ya kwanza kwa mdomo nikiwa nimefunga macho, nikingoja ulimi uwashe. Haikuwasha. Ilikuwa tamu. Lukas aliomba tena, na huyo mtoto alikuwa hajawahi kuomba mboga tangu azaliwe.

Hapo ndipo jikoni yetu ikawa na wapishi wawili. Yeye akanifundisha kuchanganya managu na terere ili uchungu upungue bila kumwaga maji. Mimi nikamfundisha kukaanga omena, na huyu ni mama ambaye alikuwa anaiita chakula ya kuku. Tulikuwa tunabishana juu ya chumvi kila siku. Njeri akiwa kwa mashine yake alikuwa anatucheka. Hiyo kicheko sikuwa nimeisikia tangu tutoke kliniki.

Siku ya kliniki ikafika. Tulienda watatu.

Nilikaa pale nje. Njeri aliingia maabara, akatoka, tukangoja. Mama mkwe alikuwa anasali chini chini kwa Kikuyu.

Nesi akatuita. Akasoma. Akasoma tena. Akamvuta Njeri kope.

"Imepanda," akasema. "Haijafika pale nataka, lakini imepanda vizuri. Mmefanya nini?"

Nikafungua mdomo niseme ni dawa zake. Na ni kweli, Njeri hakuruka hata moja, na kila moja aliimeza na maji. Lakini mama mkwe alikuwa amenitangulia.

"Uliza huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Huyu ndiye anapika."

Jameni. Mimi nimewahi kusifiwa kazini. Nimewahi kupigiwa makofi kanisani. Haijawahi kuniingia kama hiyo.

Tukaendelea hivyo hivyo. Kliniki iliyofuata nesi alimaliza kuandika, akafunga kitabu, akamwambia Njeri, "Utazalia hapa kwangu." Njeri alimkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Siku yenyewe ilikuja mchana, mvua kubwa. Njeri alikuwa kwa mashine anamalizia kola ya shati. Akasimamisha mguu. Akaita, "Mum," kwa sauti ya chini tu. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka.

Jirani alikuwa na probox, akatupeleka. Mimi mbele, mama mkwe nyuma na Njeri, mkono kwa mkono.

Walipoingia naye ndani, mimi na mama mkwe tulisimama kwa veranda. Hakutaka kukaa, na mimi sikumuuliza kwa nini. Tulisimama tukiangalia mvua. Sikuwa naogopa kidogo, nilikuwa naogopa sana, na yeye pia, lakini hakuna mtu alisema.

Baada ya muda tukasikia mtoto. Sikufurahi saa hiyo. Mara ya mwisho pia tulisikia mtoto, na shida ilikuja nyuma yake.

Nesi akatoka akijipangusa mikono. Alijua tunangoja nini.

"Msichana. Mama ako sawa. Damu imetoka ile ya kawaida tu. Amekaa, anamshikilia mtoto mwenyewe."

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa upande wa pili wakachungulia. Askari wa gate alikuja kumnyamazisha, akamkuta analia, akarudi pole pole. Mimi nilishika nguzo ya veranda.

Tulipoingia, Njeri alikuwa ameketi, rangi yake ile ile, macho wazi, mtoto kifuani. Ameketi, wakuu! Alituangalia kama mtu ameshinda mbio na hajachoka.

Imani, msichana wa kwanza, tulimpa pia jina ya mama yangu, na kwa desturi msichana wa pili huchukua ya nyanya wa upande wa mama, kwa hivyo nilijua huyu ni wa upande gani. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, huyu ni Wairimu."

Hilo ni jina la mama mkwe mwenyewe. Akamchukua mtoto, akamwangalia muda mrefu, kisha akakaa naye kwa ukingo wa kitanda na hakumwachilia mpaka chakula cha jioni.

Sasa wakuu, mavuno ilikuja, store ikajaa, kazi ikarudi wiki nzima. Lakini bado kila Jumapili tunaketi mezani na kupanga. Kula vizuri hakukuwa kununua vitu vya bei. Ilikuwa kuuliza mtu anayejua, kuangalia kile tayari kiko kwa nyumba na kwa fence, na kukubali kupanga pamoja na kila mtu atakayekula. Pesa kidogo ikipangwa inafika mbali kuliko nyingi ikikurupuka. Na dawa za kliniki msiache, chakula inasaidia dawa, haichukui nafasi yake.

Mkija na maswali nitajibu nikitoka job. Wamama mlio hapa, nirekebisheni mahali nimekosea. Wale wa Yamumbi, hapa karibu na Eldoret, na huko kote, semeni mboga gani mnatupa ambayo sisi tungekula.

Na kama kuna mwanaume hapa anapikia familia yake na anaficha kwa marafiki, leo andika chakula cha kwanza ulipika kwa sufuria yako. Tutasimama na wewe.